Asali ya Mama Yapimwa Riyadh

Al-Safa, Jeddah
4 Desemba 2024

Mpwa wangu Chebet,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya Riyadh unayoilalamikia kila mwaka haijakushinda. Mimi sijambo. Mgongo unanikumbusha kwamba nina miaka hamsini na miwili, na kwamba kumi na mmoja kati ya hiyo nimeikalia kwenye kiti cha gari la mtu mwingine, lakini hilo si jambo la kumaliza wino. Mama watoto anasema mahindi yameshaingia ghalani. Hapa kwa bosi wote wazima. Madam amejinunulia gari dogo jeupe, analizungusha mtaani kwa mwendo wa kobe huku mimi nimekaa kando yake kama mwalimu. Tunacheka sana.

Nimempa Morgan barua hii kwa kuwa lori lake linaleta mboga huko kila baada ya wiki mbili, na kwa kuwa unanijua: simu ni ya salamu, barua ni ya maneno.

Sasa neno lenyewe. Lile dumu la asali ambalo mama yako alimpa mwenzangu aliyekuwa likizo lilifika salama. Nilichota kikombe kimoja nikampelekea Hashim. Huyu ni Mtanzania wa Tanga, tulijuana kwenye foleni ya ikama, kile kibali cha kuishi huku, naye ni mnunuzi wa kampuni moja ya hapa inayoingiza vyakula. Alionja, akaonja tena. Akaniuliza imetoka wapi. Nikamwambia Marigat, kwa dada yangu Selina na wenzake ishirini na watatu, kwenye maua ya migunga.

Hashim alinipeleka dukani kwao akanionyesha rafu ya asali, ndefu kama ukuta wa kanisa. Akaniambia kwamba nusu ya zile chupa ni maji ya sukari, na mteja analijua hilo, ila hajui ni nusu ipi. Basi kwa kuogopa kuibiwa, analipa bei ya chini kwa zote. Mwenye asali safi akiona hivyo anaacha kuileta, na mwishowe rafu inabaki na sukari tupu. Kinachomtoa mteja woga ni karatasi ya maabara. Tukiwa na karatasi hiyo, kampuni itaanza kwa kilo mia mbili, na kwa bei ambayo yule dalali wa Marigat hajawahi kuiota.

Nilipomuuliza ni maabara gani anayoiamini, alitaja unapofanya kazi wewe. Chebet, nilitaka kumkumbatia.

Mjomba wako,
Zacharia


Riyadh
16 Desemba 2024

Mjomba mpendwa,

Barua yako imefika, pamoja na karanga. Morgan alikula kidogo njiani na alikiri mwenyewe. Niko salama. Baridi ipo, ila safari hii nimenunua koti. Mama naye hajambo, goti limetulia, na anasema tangu umwambie habari ya Hashim ameanza kulala akitabasamu. Wanakikundi wameshakutana mara mbili.

Nimefurahi mno. Lakini kwanza nikuambie jambo, usije ukadhani najifanya mkubwa. Sampuli ya kikundi cha mama siwezi kuipima mimi. Nimemweleza msimamizi wangu kwamba mwenye asali ni mama yangu mzazi, naye ameandika kwamba itapimwa na mwenzangu, na mimi sitaiona ripoti hadi itakapokuwa imemfikia Hashim. Nimeridhika hivyo. Karatasi ikitoka, isiwepo siku ambayo mtu atasema ilitoka kwa binti.

Mpe Hashim chupa, yeye aitume kwa jina la kampuni. Usiihangaikie. Kama asali ni ya mama, haina cha kuogopa.

Na wewe likizo yako ya mwaka huu imefikia wapi? Ulisema Krismasi utakuwa nyumbani, halafu ukanyamaza.

Akupendaye,
Chebet


Al-Safa, Jeddah
12 Januari 2025

Mpwa wangu,

Heri ya mwaka mpya. Krismasi tuliila Karantina, mtaa mmoja wa hapa Jeddah, kwenye chumba cha Mkenya mmoja, watu kumi na wanane na mbuzi mmoja. Tuliimba hadi majirani wakaja kuuliza kama kuna harusi. Likizo imesogea kidogo, mambo ya kazi, usijali.

Chupa nimempa Hashim juzi. Ungeiona ungeringa. Inang'aa kama chai ya rangi, unaweza kusoma gazeti kupitia humo. Hashim mwenyewe alishangaa.

Mwambie mama yako aanze kutafuta madumu mapya.

Zacharia


Riyadh
30 Januari 2025

Mjomba,

Salamu nyingi. Nimekuwa na mafua lakini yanaisha.

Ripoti ilimfikia Hashim jana, kwa hiyo leo nina ruhusa ya kuzungumza, na nimeona heri uisikie kwangu. Asali imeanguka.

Si kwa sukari. Sukari ya kuongeza haimo hata chembe, na chavua ya migunga imejaa. Ni asali halisi kabisa. Kilichoiangusha ni kipimo cha joto. Ndani ya asali kuna kitu kinachozaliwa ikichemshwa au ikikaa muda mrefu mahali pa moto. Asali mbichi iliyotunzwa vizuri huwa na miligramu kumi, kumi na tano kwa kila kilo. Kwa nchi za joto kama kwetu, kikomo ni themanini. Yetu imetoka mia moja thelathini na moja.

Najua utasema namba hiyo imewekwa kutukomoa sisi wadogo. Haikuwekwa kwa ajili hiyo. Asali iliyopikwa hupoteza harufu na dawa yake, na wauzaji wa sukari ndio wanaopenda kuipika ili wachanganye vizuri. Anayesoma ile namba hajui kama wewe ni mwongo au ulikosea. Anajua tu kwamba moto ulipita.

Nimemuuliza mama. Anaapa kwamba hakuna mwanakikundi anayetia asali motoni. Je, lile dumu ulipolipokea ulilikalisha wapi? Nijibu hili, nakuomba.

Chebet


Al-Safa, Jeddah
9 Februari 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Pole kwa mafua. Kunywa tangawizi. Hapa joto limeanza kurudi mapema. Madam amepata leseni yake, tulikula keki. Mama watoto amenitumia picha ya ng'ombe aliyezaa, ndama mwenye paji jeupe.

Kuhusu lile jambo, mashine nazo hukosea. Nimeendesha magari ambayo taa ya injini huwaka bila sababu. Sisemi udanganye. Nasema tu kwamba namba mia moja thelathini na moja na namba thelathini na moja zinafanana sana, na mtu anaweza kuiangalia tena kwa jicho la undugu.

Hashim amesema anaweza kungoja hadi Juni. Baada ya hapo kampuni itachukua ya mtu mwingine.

Zacharia


Riyadh
21 Februari 2025

Mjomba wangu,

Nilisoma barua yako nikaikunja, nikaenda kazini, nikarudi, nikaisoma tena ili nione kama kweli ni wewe uliyeiandika. Wewe ndiye uliyenitembeza hadi shule ya sekondari kilomita saba, na nilipokuta mwalimu amenipa alama mbili za ziada kwa makosa, ukanirudisha nikazikatae. Kwa hiyo sitalijibu hilo ombi lako, na nakuomba tulisahau wote wawili.

Hujaniambia dumu lilikaa wapi.

Sasa sikia yaliyotokea nyumbani. Mama aliitisha mkutano akasoma ile namba. Watu walianza kutazamana. Mwishowe macho yote yakamwangukia Duncan, kwa kuwa ndiye mtunza ghala, na ghala ni lile la mabati lililo kando ya nyumba yake. Wakasema ameiacha asali ichemke humo na jua. Wengine wakasema ameipika ili aichanganye auze pembeni. Walimnyang'anya cheo na ufunguo. Mama anasema hakubishana. Alisema, "Huenda ni kweli, bati ni bati," akaweka ufunguo mezani, akaenda zake. Tangu siku hiyo mkewe haji kanisani.

Unamjua Duncan. Ndiye aliyekaa na babu hospitalini Nakuru wiki tatu, wakati sisi wote tulikuwa na sababu zetu.

Wewe ulilishika lile dumu mikononi. Kama kuna unachokijua, kiseme.

Chebet


Al-Safa, Jeddah
2 Aprili 2025

Chebet,

Nimechelewa. Ningeweza kuusingizia mwezi wa Ramadhani, maana ni kweli nilikuwa nikiendesha gari kutoka futari hadi daku, lakini Morgan alipita hapa mara tatu, na mara tatu nilimwambia barua haijawa tayari. Ilikuwa tayari kichwani. Mkono ndio uliokataa.

Ni mimi niliyeipika.

Nikueleze ilivyokuwa. Dumu nililiweka chumbani kwangu, nyuma ya gereji. AC yangu haina katikati, ama inapuliza barafu ama haifanyi kazi. Kufika mwisho wa Desemba asali ilikuwa imeganda nyeupe kama samli. Siku moja Madam alikuja kunitafuta akaliona. Akacheka, si kwa ubaya, akaniambia, "Zakaria, hii sukari. Asali mafi," yaani kwa Kiarabu chao, asali hakuna. Nikamweleza kwamba asali yoyote nzuri huganda. Akanihurumia jinsi mtu anavyomhurumia aliyetapeliwa. Jioni hiyo nilifikiria: ikiwa Madam anayenijua miaka kumi na mmoja haniamini, Hashim atasema nini akiona uji mweupe kwenye chupa?

Ijumaa familia ilipoenda shambani kwao, niliingia jikoni. Nikaweka sufuria kubwa ya maji motoni, nikatia dumu ndani. Haikuyeyuka haraka. Nikaongeza moto. Dumu likaanza kulainika ubavuni, nikaogopa litapasuka, basi nikaimimina asali yenyewe kwenye sufuria kavu, nikaikoroga kwa mwiko hadi ikatoa povu. Nyumba nzima ilinukia kama kwetu nyumbani. Chebet, nilisimama pale nikalia kwa ile harufu, sikujua kwamba ndiyo iliyokuwa inatoka na haitarudi. Ilipopoa ilikuwa nzuri kwa macho kuliko asali yoyote niliyowahi kuiona. Nilijisifu.

Uliponiandikia ile namba nilielewa papo hapo. Ningeweza kukuambia siku ileile, na Duncan angekuwa na ufunguo wake. Badala yake nilikuomba ufanye lile ulilokataa. Ulinirudishia maneno yangu mwenyewe, na nilistahili.

Kuna jingine nililokuficha, ulijue lote. Novemba bosi aliniita akanikalisha sebuleni, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Aliniambia kwa upole kwamba Madam na binti zake watajiendesha wenyewe sasa, na kwamba ikama yangu ikiisha Julai hataihuisha. Atanilipa haki yangu yote, ni mtu mwema. Ndiyo maana Krismasi sikwenda nyumbani: nilitaka kutunza nauli. Nilikuwa nimepanga nirudi nyumbani nikiwa mtu aliyefungua soko, nisirudi nikiwa dereva ambaye bibi mwenye gari alijifunza kuendesha. Ile asali ilikuwa ndiyo jibu langu kwa kila atakayeuliza nilikuwa nikifanya nini huku miaka kumi na mmoja.

Sasa umelijua. Sina cha kuongeza.

Zacharia


Riyadh
13 Aprili 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Nilisoma yako nikiwa nimekaa ngazini mwa jengo letu, sikuweza kungoja nifike juu. Nililia kidogo, hasa pale kwenye mwiko. Sina hasira. Nilikuwa nayo Februari, ikaisha.

Wewe si wa kwanza. Kila mwezi tunapokea asali nzuri iliyouawa na mtu aliyeipenda, kwa sababu wanunuzi wanaitaka ing'ae. Soko lenyewe ndilo linalowafundisha watu kuiharibu. Ungeniuliza ningekuambia ulikalishe dumu kwenye maji ya uvuguvugu, ambayo mkono unayavumilia, siku nzima, basi. Lakini hukuniuliza kwa kuwa nilishakuambia haina cha kuogopa. Hapo na mimi nilikosea. Nilipaswa kukuambia kwamba kuganda si aibu.

Sasa yapo mawili. La kwanza, sitamwambia mama. Utamwambia wewe, na si yeye peke yake. Wale waliomnyang'anya Duncan ufunguo walikuwa watu ishirini na watatu. La pili, nimezungumza na Hashim kama mteja mwingine yeyote. Yuko tayari kupokea sampuli mpya, iliyofungwa kwa lakiri nyumbani na kutumwa moja kwa moja kwake, isipite mkononi mwa ndugu yeyote, mimi wala wewe. Ikiwa imeganda, ije imeganda. Amenieleza kwamba ataandika kwenye lebo kuwa asali safi huganda, wateja wajifunze.

Na kuhusu Julai: hakuna mtu nyumbani aliyekutuma ukafungue soko. Walikutuma urudi.

Chebet


Al-Safa, Jeddah
28 Mei 2025

Mpwa wangu,

Salamu kutoka kwenye joto ambalo hata mbwa wa Jeddah wamelikimbia. Tiketi nimeshakata, tarehe tatu Julai. Madam amenipa masanduku mawili makubwa na amenikataza kabisa kuyarudisha. Mama watoto anapaka nyumba rangi. Nimemwambia aache, akaniambia nisimfundishe kazi.

Nilipiga simu nyumbani Jumamosi ile baada ya Pasaka, saa ya mkutano. Nilimwomba mama yako aweke simu mezani kwa sauti kubwa. Nilisema yote, AC, sufuria, mwiko, na miezi mitatu ya kunyamaza. Hakuna aliyenikatiza. Halafu mama yako akauliza, "Zacharia, umemaliza?" Nikajibu nimemaliza. Akasema, "Haya. Mtu amwendee Duncan." Wakatoka watatu wakamleta, nami nikayarudia yote mbele yake. Alisema neno moja tu, "Nimekusikia," akairudisha simu. Ufunguo walimpa palepale. Lakini neno lile moja nililirudia kichwani mwezi mzima, mpwa wangu, maana sikujua lilikuwa na nini ndani.

Jana Hashim aliniita dukani kwao. Alikuwa na ripoti mpya mkononi, wewe bila shaka unaijua na umeninyima makusudi. Tisa. Alinisomea mara mbili. Amesema katika miaka yake yote ya kununua hajaona asali ya kutoka bonde la joto ikiwa na tisa, na kilo mia mbili zimekuwa mia tatu. Kisha akaniuliza, "Waliitunza vipi?" Nikamwambia nitauliza. Ghala ni lilelile la mabati, na Marigat ni ileile.

Nilitoka nje nikampigia Duncan mwenyewe. Tulisalimiana, tukaulizana ng'ombe. Nikampa ile namba, akasema, "Asante Mungu," polepole. Nikamuuliza ameifanyaje.

Akanieleza kwamba Februari, siku ya pili baada ya ule mkutano, aliomba afunguliwe ghala, akakaa humo saa nane mchana ili aone ni joto gani. Hakuweza kumaliza saa moja. Akaamini kwamba kosa ni lake. Ufunguo hakuwa nao, lakini madumu ya msimu mpya yalikuwa yanaanza kuletwa na hakuna aliyejua pa kuyaweka. Basi akamwomba mama yako kimya kimya, na mama yako akakubali: madumu yaingie kwenye nyumba ya Duncan, ile ya udongo na nyasi, yenye ubaridi, chumba anacholala yeye na mkewe. Vitanda wakavitoa, wakavipeleka ghalani.

Nikamwambia, "Lakini Aprili nilisema ni mimi. Si mlirudi ndani?"

Akasema, "Tulitaka kurudi. Lakini ile ndiyo iliyokuwa inaenda kupimwa, nikaona isisumbuliwe."

"Kwa hiyo hadi leo mnalala chini ya mabati?"

"Ndiyo," akasema. "Sisi hatupimwi."

Hakuisema kwa kunichoma, Chebet. Aliisema jinsi mtu anavyokuambia mvua imekatika. Nikamwomba amsalimie mkewe.

Nimemwandikia mama watoto asimamishe rangi. Zile fedha za haki yangu, kabla hazijagusa jambo lolote letu, zitajenga ghala la udongo, kuta nene, paa la nyasi, na nimeshamwomba Duncan anionyeshe ni wapi kivuli kinakaa muda mrefu zaidi. Nitakandika mwenyewe. Sijashika udongo miaka kumi na mmoja, lakini mikono haisahau, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza niliyojitafutia nyumbani. Siku madumu yatakapohama, nitavibeba vitanda vyao kuvirudisha ndani.

Wewe kaa salama, baridi ikirudi vaa lile koti, na uendelee kutowaonea ndugu zako huruma kwenye namba.

Ni mimi mjomba wako, ninayekuombea kila asubuhi kabla sijawasha gari,
Zacharia